Hodi iliyokataliwa Busale

“Mama, wanasema kivinjari chetu ni cha zamani.”

“Kivinjari ndiyo nini, mwanangu? Kinauzwa bei gani?”

Mama akaanza kufungua fundo la kanga. Tulikuwa kwenye steshenari moja katani Busale, wilaya ya Kyela, mwezi Julai. Mimi nilikuwa nasubiri simu yangu ipate chaji kabla ya kupanda bodaboda kurudi mjini. Vidole vya yule mama vilikuwa na wekundu wa kakao aliyotoka kuianika asubuhi ile. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita, na chuo alichokitaka kilipokea maombi kwa njia moja tu, ya tovuti. Hakuna fomu ya karatasi, hakuna dirisha la kupeleka bahasha. Ada ya maombi alikuwa nayo, namba ya mtihani alikuwa nayo, cheti cha kuzaliwa alikuwa amekipiga picha hadi mhuri unasomeka. Alichokosa ni simu ambayo tovuti ile ingekubali kuongea nayo.

Nikaiomba niitazame. Kioo kilikuwa kimepasuka kona ya juu na kuzibwa kwa selotepu. Kwenye mipangilio niliona Android 5.1. Ukurasa ulikuwa mweupe, na katikati sentensi mbili za Kiingereza zilizosema kwamba kivinjari hiki hakikubaliki tena na mtumiaji anaombwa akisasishe ili aendelee. Chini yake kulikuwa na kitufe cha buluu. Binti alikuwa ameshakibonyeza mara tatu. Kila mara kilimpeleka kwenye duka la programu, na duka likamjibu kwamba kifaa chake hakiwezi kupokea toleo jipya.

Duka lilisema kweli. Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa simu za Android 5 mwaka 2021, la mwisho likiwa toleo la 95. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa imeziacha simu za Android 4.4 kwenye toleo la 81, na mwaka 2023 ikaziacha za Android 7 kwenye toleo la 119. Kwa hiyo tovuti ile ilimwagiza binti jambo ambalo simu yake isingeliweza hata angewekewa bando la mwaka mzima. Pale Busale agizo la kusasisha lilikuwa na maana moja tu: tafuta simu nyingine.

Mama alisikiliza maelezo yangu hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo sijaacha kulifikiria tangu siku ile. “Sasa baba, mbona matokeo yake tuliyaona kwa simu hiihii?”

Kweli waliyaona. Siku chache kabla, matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, simu ile yenye selotepu iliingia kwenye ukurasa wa Baraza la Mitihani (NECTA), ikafungua orodha ya shule, ikashuka hadi kwenye namba ya binti. Kurasa za matokeo za NECTA hazina urembo. Ni jedwali tupu la namba, jinsia, pointi, daraja na masomo, limeandikwa kwa lugha ileile ya msingi ya kurasa za wavuti inayoeleweka na kila kivinjari tangu miaka ya tisini. Siku ya matokeo tovuti huelemewa kwa wingi wa watu, hilo kila mzazi analijua. Lakini ukishapenya, haikuulizi umekuja na simu gani. Mwenye simu ya laki nane na mwenye simu ya kurithi kwa kaka yake wanaona jedwali lilelile.

Kwa hiyo ugomvi hauko kwenye umri wa simu peke yake. Uko kwa mlinzi aliyewekwa mlangoni na maagizo aliyopewa.

Kila kivinjari kinapofika kwenye tovuti hupiga hodi kwa sentensi moja ya kujitambulisha: mimi ni fulani, toleo kadhaa, nipo kwenye simu ya aina kadhaa. Mwenye tovuti anaweza kuipuuza sentensi hiyo na kumkaribisha mgeni, akampa ukurasa na kumwachia afanye anachoweza. Anaweza pia kuweka orodha ya majina mlangoni na kumrudisha kila asiyekuwemo, kabla hata ya kujua kama mgeni angeweza kujaza fomu. Njia ya pili ni rahisi kwa fundi. Akishaorodhesha vivinjari vitatu vikubwa na matoleo yake mapya, hana haja ya kujaribu kazi yake kwenye kitu kingine chochote.

Ila sentensi ile ya kujitambulisha haiaminiki, wala haijawahi kuaminika. Karibu kila kivinjari duniani leo huanza kwa kujiita Mozilla. Hilo lilikuwa jina la ndani la Netscape, kivinjari kilichotawala katikati ya miaka ya tisini. Tovuti za wakati huo zilimpa kurasa nzuri aliyejiita Mozilla na kumpa makapi asiyejiita hivyo. Microsoft walipoleta Internet Explorer mwaka 1995, nao wakakifundisha kujiita Mozilla ili kisibaguliwe, na waliofuata wakaiga. Mlango ukikagua majina, watu hubadili majina.

Oktoba 2001, siku ileile Windows XP ilipozinduliwa, tovuti ya MSN ya Microsoft iliwafungia watumiaji wa Opera na wa vivinjari vingine vidogo. Kelele zikapigwa, na baada ya siku chache mlango ukafunguliwa. Miezi kumi na tano baadaye, mapema mwaka 2003, kampuni ya Opera ya Norway iligundua kwamba MSN inakipa kivinjari chake maelekezo ya mpangilio yanayouvuruga ukurasa. Wahandisi wake wakafanya jaribio dogo: wakabadilisha herufi chache tu katika jina, kikajiita Oprah, kama yule mtangazaji wa televisheni. Ukurasa ukaja umenyooka. Kivinjari kilikuwa kilekile, na uwezo wake uleule. Desemba 2019 kampuni ya Vivaldi, iliyoanzishwa na mmoja wa waanzilishi wa Opera, ilitangaza kwamba kuanzia hapo kivinjari chake kitajitambulisha kwa jina la Chrome kwenye karibu tovuti zote, kwa sababu kila kilipotaja jina lake halisi kilikuta milango imefungwa.

Opera ninaitaja kwa sababu huku kwetu ina historia ndefu. Opera Mini ilianza mwaka 2005 na ndiyo iliyowaingiza wengi wetu kwenye intaneti, enzi za simu za vitufe na vifurushi vya kuhesabu kilobaiti. Ufundi wake ni kwamba simu haiufungui ukurasa yenyewe. Seva za Opera huufungua, huusaga, huupunguza uzito na kukutumia uji uliochujwa. Ndiyo maana hadi leo mtu wa bando dogo anaithamini. Lakini gharama yake ipo. Programu ndogondogo zinazoendesha fomu za kisasa hupewa sekunde chache tu kwenye seva, kisha husimamishwa. Pale steshenari kijana mmoja aliyekuwa anasubiri kutoa kopi alimwambia binti ajaribu kwa Opera Mini yake. Fomu ilifunguka, sote tukasogea kuangalia. Binti akajaza jina la kwanza, la kati na la ukoo. Akafika palipoandikwa “Chagua mkoa”, akabonyeza, kimya. Orodha ya mikoa haikushuka. Akabonyeza tena taratibu, halafu kwa kucha, halafu kwa kidole cha mama yake. Mbeya haikuonekana, wala mkoa mwingine wowote.

Orodha ya mikoa ya Tanzania ni maneno thelathini na kitu. Kuyapanga yashuke kwa mguso wa kidole ni jambo ambalo lugha ya msingi ya kurasa za wavuti imeliweza tangu katikati ya miaka ya tisini, bila programu yoyote ya ziada. Yule fundi aliamua orodha yake iwe na urembo wa kuserereka, na urembo huo ukambakisha binti wa Busale nje ya fomu.

Wapo watakaosema watu wanunue simu mpya, bei zimeshuka. Wenye maneno hayo waje Kyela wakae msimu mmoja. Kakao huku inauzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya ushirika: unapeleka mzigo, unasubiri mnada, halafu unasubiri malipo. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipaa hadi kuvuka dola 10,000 kwa tani, na Kyela ilichangamka. Hata hivyo fedha ya mwaka mzuri ina wenyewe kabla haijafika: bati, ada, deni la dukani, mgonjwa wa hospitali ya wilaya. Simu inanunuliwa mara moja, inatumika hadi betri ivimbe, kisha anapewa mdogo mtu. Nayo hifadhi yake ya gigabaiti nane imejaa picha za misiba na sauti za kwaya, kiasi kwamba hata programu inayoweza kusasishwa haina pa kukaa. Wengine walinunua vitochi vyenye intaneti, kama Smart Kitochi ya Vodacom iliyoingia sokoni mwaka 2019 ikiendeshwa na KaiOS. Kivinjari cha simu za namna hiyo kilijengwa juu ya injini ya Firefox ya mwaka 2016. Mwaka 2024 WhatsApp nayo ikaondolewa kwenye duka la programu la simu hizo.

Nakumbuka usiku wa Juni 16, 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia nchi nzima. Kwa miezi kadhaa kabla redio zilitangaza, tukabonyeza *#06#, tukatuma namba kwenda 15090, tukajua nani atabaki na nani atazimiwa. Ulikuwa uamuzi mgumu na uliwaumiza wengi, lakini ulikuwa na mwenyewe, ulikuwa na tarehe, na uliweza kuuliza swali ukajibiwa. Simu ya yule mama ilipita mtihani ule. Tangu hapo imefungiwa mlango mmoja baada ya mwingine bila tangazo. Hakuna kikao kilichoamua kwamba Android 5.1 haitoshi tena kuombea chuo. Aliyeamua ni mtu mmoja mezani kwake, kwa mstari mmoja wa maagizo, na huenda amekwishausahau.

Simlaumu kwa chuki, kwa sababu sidhani kama anayo. Tatizo ni kwamba hajawahi kuishika simu ya namna ile. Mwaka 2013 Facebook ilituma wafanyakazi wake barani Afrika, wakanunua simu za madukani na kuijaribu programu yao wenyewe. Ikawa inajifunga yenyewe kila mara, na vifurushi vyao vya mwezi mzima vikaisha ndani ya dakika 40. Walirudi na somo, na mwaka 2015 ikatoka Facebook Lite. Kampuni inayosaka fedha ya tangazo iligundua kwamba mtu wa simu duni ni mteja. Taasisi inayomhudumia mwananchi ina sababu kubwa zaidi ya kuligundua hilo.

Kuna kisa kutoka Uingereza ambacho ningependa kila anayepewa zabuni ya kutengeneza tovuti ya umma akisome. Terence Eden, aliyewahi kufanya kazi katika huduma za kidijitali za serikali ya nchi hiyo, aliandika mwaka 2021 kuhusu msichana aliyemwona kwenye ofisi ya msaada wa makazi jijini London.  Msichana yule alikuwa anasoma maelezo ya haki zake kwenye PSP, kile kidude cha kuchezea gemu cha Sony, chenye kivinjari dhaifu na kikongwe. Kurasa za serikali zilimfungukia. Walioziandika hawakuziandika kwa ajili ya PSP. Walikuwa wamekubaliana tu kwamba maandishi na fomu ndiyo msingi, na urembo ni nyongeza kwa mwenye uwezo wa kuuona.

Na hapa nyumbani tunayo mifano ya kujivunia. Ukibonyeza *152*00# unapata menyu ya huduma za serikali kwenye simu yoyote yenye laini, hata kitochi kisicho na intaneti kabisa, na namba ya NIDA wengi wetu tuliipatia humo. Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 tunayo pia mamlaka yenye kazi ya kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Ningeiomba iongeze sharti moja: mfumo wowote wa umma usizinduliwe kabla haujajaza fomu kamili, kuanzia jina hadi malipo, kwenye simu iliyotumika miaka minane, kwa bando la shilingi mia tano, mahali penye mtandao wa kuvizia. Hata pale Busale panafaa.

Ipo hoja moja ya upande wa pili ambayo ni nzito, nayo ni usalama. Kivinjari kisichosasishwa kina matundu ambayo wezi wanayajua. Zaidi ya hapo, mazungumzo kati ya simu na tovuti hulindwa kwa vyeti vya kidijitali, na simu ya zamani ina orodha ya zamani ya watoa vyeti inaowaamini. Mwaka 2020 shirika la Let's Encrypt, linalotoa vyeti vya bure kwa mamilioni ya tovuti, liliona kwamba cheti cha msingi ambacho simu za zamani zinakitambua kitakwisha muda wake Septemba 30, 2021. Wakati huo simu 34 hivi katika kila 100 za Android duniani zilikuwa chini ya toleo la 7.1, na zote zilikuwa hatarini kuona onyo badala ya ukurasa. Shirika lile halikusema shauri yao. Lilitafuta mpango na mtoa vyeti mwenzake, simu zile zikaongezewa miaka mitatu. Likaeleza pia kwamba Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti, kwa hiyo mwenye simu kuukuu angeweza kuitumia hiyo. Watu wale waliujua ugumu wa usalama kuliko wengi wetu, na bado walihangaika kumwacha mtu wa simu kuukuu ndani ya nyumba.

Benki inayokataa kivinjari kibovu ninaielewa. Lakini fomu ya kuomba chuo ikifungwa kwa jina la usalama, ni lazima tutazame siri za mwombaji zinakwenda wapi baada ya hapo. Mimi nilitazama.

Binti na mama yake walisogea kaunta. Kijana mwenye steshenari ana kompyuta moja ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020 na ambayo Chrome yake ya mwisho, toleo la 109, ni ya mwaka 2023. Juu ya kioo chake nako kulikuwa na utepe wa onyo la kumtaka asasishe, lakini tovuti ya chuo ilimruhusu. Kwa sasa. Aliwahudumia kwa adabu na kwa haraka, hana kosa lolote. Aliuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mtihani, namba ya NIDA ya mzazi, namba ya simu ya mzazi. Binti akayataja kwa sauti, na watu watano tuliokuwa ndani tukayasikia yote. Mikoa ilishuka vizuri kwenye kompyuta ile, na Mbeya ikachaguliwa.

Ikafika zamu ya neno la siri.

“Kaka, naomba niandike mwenyewe,” binti akasema.

“Andika tu, mdogo wangu. Ila nitajie na mimi nikutunzie. Wiki ijayo ukirudi kuangalia kama umechaguliwa utakuwa umelisahau, wote huwa wanasahau.”

Ni kweli angerudi. Kuangalia majibu, kuthibitisha nafasi, kupakua barua ya kujiunga, kila hatua ingemleta palepale, maana simu yao isingefungua mlango ule Agosti kama haikuufungua Julai. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na imeandikwa kwa ajili ya watu kama binti yule. Alimtazama mama yake. Mama akatikisa kichwa kukubali.

Kijana akavuta kaunta buku kutoka chini ya mashine ya kopi, kubwa, la jalada gumu, kingo zimechakaa. Akalifunua palipokuwa na kalamu. Mistari ilikuwa imechorwa kwa rula: jina, shule, barua pepe, neno la siri, simu ya mzazi. Akashuka kwa kidole akitafuta mstari mtupu, hadi chini kabisa. Ukurasa ulikuwa umejaa. Akafunua mwingine.